Bando Linaishia Wapi?

Kuna lalamiko ambalo siku hizi limekuwa kama salamu: kwamba wenzetu walibuni simu janja na intaneti ili wasonge mbele, nasi tukazipokea ili tucheke. Utalisikia kwenye daladala, kwenye mahubiri, kwenye hotuba za mahafali na, bila msemaji kuiona kejeli yake, ndani ya zilezile video fupi zinazolaumiwa. Anayelalamika humtaja kijana aliyemaliza bando la wiki kwa siku mbili akitazama vichekesho na vipande vya mpira, au mama anayefuatilia ugomvi wa wasanii hadi usiku wa manane. Anayepinga hujibu kwamba mtu aliyeshinda juani ana haki ya kupumzika. Mjadala huishia hapo, kwa sababu kila upande una maana yake ya burudani na ya maendeleo, na hakuna anayesema amepima nini mpaka akafikia hukumu yake.

Tuanze basi na maneno yenyewe. Teknolojia ni ujuzi uliogeuzwa kuwa chombo au utaratibu wa kurahisisha kazi: jembe ni teknolojia, ngalawa ni teknolojia, na simu nayo vilevile. Burudani ni jambo ambalo mtu hulifanya kwa raha ya wakati uleule, kama bao, taarabu, mpira au hadithi. Neno gumu ni maendeleo. Wengi wetu tukilisikia tunaona barabara za lami na viwanda, lakini Mwongozo wa mwaka 1971, waraka wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ulilipa maana ambayo mimi naiona bado haijapitwa: kwamba tendo linalowapa watu uwezo zaidi wa kuamua mambo yao wenyewe ni tendo la maendeleo, hata kama haliwaongezei afya wala shibe. Sihitaji msomaji akubaliane na siasa ya waraka ule. Nahitaji tu kipimo chake, kwa sababu kinatuwezesha kuuliza swali lililo wazi. Je, baada ya kutumia chombo hiki, mtu ana uwezo zaidi wa kuamua mambo yake, au ana uwezo pungufu?

Mabua na mahindi

Kosa la kwanza katika mjadala huu ni la mizani. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya data inayosafiri kwenye intaneti duniani ni video, na kwamba sehemu kubwa ya video hizo ni za burudani. Watu huchukua ukweli huo na kuhitimisha kwamba zaidi ya nusu ya matumizi ya intaneti ni upuuzi. Hitimisho hilo halifuati, na sababu yake ni ya hesabu za darasa la tano.

Data hupimwa kwa baiti, na baiti moja hutosha kuhifadhi herufi moja ya Kiswahili. Kitabu cha kurasa 300, chenye herufi 2,000 kwa kila ukurasa, kina herufi 600,000, yaani hakifikii hata megabaiti moja. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida huwa na megabaiti mbili, tatu au zaidi, kwa hiyo picha ya sahani ya pilau ina uzito kuliko kitabu kizima. Video ya ubora wa kati hutumia takriban megabaiti 500 kwa saa, ambazo ni sawa na vitabu zaidi ya 800 vya namna ile. Mwanafunzi anayesoma notsi usiku kucha na mwenzake anayetazama vichekesho kwa dakika kumi wakilinganishwa kwa bando, wa vichekesho ndiye atakayeonekana mtumiaji mkubwa. Ukipima mavuno ya shamba kwa uzito, mabua yatashinda mahindi kila mwaka.

Liko pia kundi zima la matumizi ambalo mizani hiyo hailioni kabisa. Mtu anapotuma fedha kwa kubonyeza nyota, tarakimu kadhaa na alama ya reli, hagusi intaneti hata kidogo; ujumbe wake hupita kwenye njia ileile ambayo mtandao wa simu huitumia kupeana taarifa zake za ndani. Mama lishe anayelipwa na wateja arobaini kwa siku kupitia kitochi chake hatumii hata kilobaiti moja ya bando. Katika takwimu za data hayupo, ilhali kwa kipimo chetu cha uwezo wa kuamua yeye huenda ndiye aliyefika mbali kuliko sote.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba asilimia fulani ya bando la taifa inaishia kwenye burudani, muulize kwanza kama anahesabu baiti, anahesabu saa, au anahesabu faida. Ni vitu vitatu tofauti. Kwa upande wa saa, nakiri, lalamiko lina uzito wake, na nitalirudia.

Lalamiko lenye umri

Hofu hii haikuanza na simu. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, kwa sababu serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa ni anasa ambayo nchi maskini haikupaswa kuikimbilia. Watu hawakuacha kutazama kwa sababu hiyo. Walitazama kanda kwenye mabanda ya video, wamebanana kwenye mabenchi.

Redio, kwa upande wake, ilikubaliwa na ikapewa kazi. Mwaka 1973 Radio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki. Tukiitazama kwa haraka tutasema kwamba wazee wetu waliitumia teknolojia kwa maendeleo na sisi tumeiharibu, lakini tukiangalia jinsi kampeni ile ilivyofanya kazi tutaona kwamba redio ilikuwa sehemu ndogo tu ya mpango. Kulikuwa na vikundi vya usikilizaji vijijini, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kulikuwa na kitabu chepesi ambacho sura zake zilikwenda sambamba na vipindi. Baada ya kipindi kwisha, watu hawakutawanyika. Walijadili, wakakubaliana la kufanya, na wiki ile wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi yaliyokuwa yakizalisha mbu. Redio ileile, siku nyingine, ilipiga dansi, na hakuna aliyeona kuwa dansi imekwamisha uchimbaji wa vyoo.

Miaka ishirini baadaye redio hiyohiyo ilifanya jambo la ujanja zaidi. Kuanzia 1993 ilitangaza mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, uliokuwa na visa, mapenzi na vichekesho kama michezo mingine, ila ndani yake umefumwa ujumbe kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Hadi 1995 wasikilizaji wa kituo cha Dodoma hawakurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha, na ikaonekana kwamba sehemu zilizousikia zilikuwa na ongezeko kubwa zaidi la watu wanaotumia uzazi wa mpango. Nani atatuambia kama ile ilikuwa burudani au maendeleo? Msikilizaji aliyekuwa akisubiri kujua dereva mwasherati atafikwa na nini alikuwa akiburudika, na papo hapo alikuwa akipata cha kuamulia maisha yake.

Nani anakuchagulia

Kama burudani yenyewe haina hatia, kwa nini basi tunahisi kwamba ya leo inatuzidi nguvu kuliko ile ya redio? Hapa ndipo panapohitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu kilichobadilika hakionekani kwenye kioo cha simu.

Programu unazozipakua bila malipo zina mwenye kuzilipia, naye ni mtangazaji wa biashara. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata zaidi ya dola bilioni 130 mwaka 2023, na zaidi ya asilimia 95 ya fedha hizo zilitokana na matangazo. Tangazo haliwezi kuuzwa pasipo mtu wa kuliona, kwa hiyo bidhaa halisi ya kampuni hizi ni muda ambao macho yako yamekaa kwenye kioo. Kila dakika unayoongeza ni nafasi ya tangazo jingine.

Ili kukuongezea dakika, programu hutumia mashine ya kupendekeza. Mfikirie muuza vitenge wa Kariakoo aliyebobea. Hakuulizi unataka nini. Anatazama jicho lako limetua wapi, mkono umegusa doti ipi, na ipi umeirudisha haraka, kisha anakunjua nyingine inayofanana na ile uliyoishikilia. Mashine hufanya vivyo hivyo kwa kila video: umeitazama kwa sekunde ngapi, umeirudia, umemtumia rafiki, umeipita. Hailazimiki kujua jina lako wala kabila lako ili ikujue. Tofauti ni kwamba muuza vitenge hufunga duka jioni, na kwamba anayajua macho ya wateja wake wachache, ilhali mashine inajifunza kwa mabilioni ya watu na haina saa ya kufunga.

Kipimo chake ndicho chenye kasoro. Mashine hupima kilichokusimamisha, wala haiwezi kupima kilichokufaa. Nyumba ikishika moto mtaa mzima hutoka nje kutazama. Mgeni asiyetujua, akihesabu vichwa tu, anaweza kuhitimisha kwamba watu wa mtaa ule wanapenda sana nyumba ziungue, akaamua kuwawashia nyingine kesho. Ndiyo maana ugomvi, fedheha na hofu hupanda juu kwa urahisi.

Lililo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni kukosekana kwa mwisho. Gazeti lina ukurasa wa nyuma. Redio ya zamani ilifunga matangazo usiku kwa wimbo wa taifa, na ukimya uliofuata ulimkumbusha msikilizaji kwamba kuna kulala. Programu za sasa zimeundwa makusudi zisiwe na ukingo: video ikiisha nyingine inaanza yenyewe, na ukurasa unajazwa kabla hujafika chini. Kwa kipimo tulichokichukua, hapa ndipo burudani inapogeuka kuwa kinyume cha maendeleo, kwa sababu uamuzi wa lini niache, ambao ulikuwa wangu, umeondolewa mezani bila mimi kuulizwa. Na hali hii haibadiliki hata kama video zenyewe ni za historia au za mapishi.

Kamari ya simu naitaja kwa kupita tu. Mkeka, yaani orodha ya mechi ambazo mtu anazibashiri kwa fedha, unatengenezwa kwa vipande viwili vya teknolojia vilivyofanikiwa sana, mpira wa moja kwa moja na malipo ya haraka, na wanaouita burudani waulizwe ni burudani gani ambayo mtu huificha kwa mkewe.

Kuchuja umbea kwa kodi

Serikali moja ya jirani ilijaribu kutenganisha burudani na maendeleo kwa sheria. Mwezi Machi 2018 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alimwandikia waziri wake wa fedha akilalamikia hasara ya "lugambo", neno la Kiganda lenye maana ya umbea, kwenye mitandao ya kijamii. Alitaka matumizi ya elimu na utafiti yasitozwe, ila umbea ulipiwe. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, kila aliyetaka kutumia Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ya aina hiyo alipaswa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku.

Wazo hilo lilikuwa na mantiki, lakini lilikosea mahali pa kuchora mstari. Muuza samaki aliyekuwa akipokea oda kwa WhatsApp na mwalimu aliyekuwa na kundi la wazazi walilipa sawa na mtu wa umbea, kwa kuwa sheria iliweza kuiona programu tu, haikuweza kuona mazungumzo yaliyomo ndani yake. Mwenye hamu kubwa ya umbea alipakua programu ya VPN iliyoficha anakokwenda, akaendelea. Makusanyo yakawa chini sana ya matarajio, na mwezi Julai 2021 kodi ile ikaondolewa, mahali pake pakawekwa asilimia 12 juu ya data, isipokuwa ile ya huduma za afya na za elimu.

Kenya ikatoa mfano wa upande wa pili. TikTok, ambayo kwa wengi ilikuwa ni mahali pa kucheza na kuigiza sauti za watu, mwezi Juni 2024 ilijaa vijana wakieleza Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za makabila yao, wakimwonyesha muuza mkate na mwenye bodaboda kitakachompata. Baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, Rais William Ruto alitangaza tarehe 26 Juni kwamba hatautia saini. Msomaji anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu muswada wenyewe, lakini hawezi kusema kwamba chombo kile ni cha kuchezea tu.

Wachina na wao

Katika kila mjadala wa namna hii hutokea mtu akasema kwamba Wachina wamejibakizia toleo la sayansi na kututumia sisi toleo la kukata viuno. Dai hili lina punje ya ukweli iliyozungushiwa debe la pumba. Kampuni ya ByteDance iliunda programu mbili zinazofanana, Douyin kwa ajili ya China na TikTok kwa mataifa mengine. Mwezi Septemba 2021 Douyin iliweka utaratibu kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 aliyethibitishwa umri aitumie kwa dakika 40 tu kwa siku, asiitumie kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na aonyeshwe mambo yaliyochaguliwa kwa umri wake. Mchina mtu mzima anatazama nyimbo, vichekesho, mapishi na matangazo ya bidhaa kama mtu wa Tandale au wa Kibera.

Tofauti, basi, haimo katika tabia ya taifa; imo katika utaratibu uliowekwa, umri uliotajwa na saa zilizoandikwa. Utaratibu huo, tusisahau, umewekwa chini ya dola inayosimamia pia yale ambayo mtu mzima anaruhusiwa kuyaona, na hiyo ni bei ambayo wanaotusifia China kwa kawaida hawaitaji.

Njia ambayo haikulimwa

Kuna jambo moja ambalo lalamiko la kijiweni hulikosa kila mara. Burudani imelimiwa njia mpaka mlangoni: inakuja kwa Kiswahili, kwa vipande vya dakika moja, ina picha kwa asiyejua kusoma, haidai barua pepe wala nywila. Mambo ya maendeleo mara nyingi yameachwa porini. Mwaka jana jirani yangu anayefuga kuku aliniomba nimtafutie namna ya kuzuia kideri. Mwongozo wa kitaalamu tulioupata ulikuwa ni waraka mrefu wa Kiingereza, umeandikwa kwa herufi ambazo kwenye kioo cha simu zilikuwa kama chungu. Baada ya dakika kumi yeye mwenyewe, kwa programu ileile anayotazamia vichekesho, alimpata mfugaji mwenzake anayeonyesha kwa Kiswahili jinsi ya kudondosha tone la chanjo kwenye jicho la kuku, na kueleza kwamba chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini video iliyofuata ilikuwa ya mtu anayeuza mchanganyiko wa mshubiri na pilipili kama tiba ya kideri, ugonjwa wa virusi ambao hauna tiba. Ilikuwa na watazamaji wengi kuliko ile ya chanjo. Mashine ilikuwa imeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zilihusu kuku, na hapakuwa na kiongozi wa kikundi, kama wa mwaka 1973, wa kusema hii ni sawa na ile ni uongo.

Pale njia inapolimwa, watu huifuata bila kuhubiriwa. Huduma ya M-Pesa ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Watu waliopewa waliigeuza: wakatumiana fedha wao kwa wao, kwa shughuli ambazo waandaaji hawakuzipanga. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, iliizindua kama huduma ya kutuma fedha nyumbani, yaani ilifuata pale watumiaji walipokwisha kupita. Sijui mtu anayeyafahamu haya anawezaje kusema kwamba sisi ni watu wa kupokea na kucheza tu.

Na njia iliyolimwa yaweza kuwekewa miiba. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu mwezi Julai 2021, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba ilipunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache. Kwa kipindi kile, kumtumia mzazi fedha za dawa kulikuwa na adhabu ambayo kutazama vichekesho hakukuwa nayo.

Anayetaka kujua yeye mwenyewe yuko upande gani anaweza kufungua mipangilio ya simu yake usiku wa leo. Ipo orodha inayoonyesha kila programu imekula data kiasi gani, na kwenye simu nyingi ipo nyingine inayoonyesha imekula saa ngapi. Azisome zote mbili, maana mara nyingi hazifanani. Kisha afungue ujumbe mfupi wa mwezi mzima kutoka kwa kampuni ya fedha za simu, ada ya shule, mchango wa msiba, mbegu, deni lililolipwa, na atazame ni wapi katika orodha zile mbili mambo hayo yameandikwa.